Undugu usioita daktari



Usiku wa tarehe 2 Februari 2017, siku Kanisa linapoadhimisha Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, kijana wa miaka 19 aitwaye Timothy Piazza aliingia katika nyumba ya chama cha wanafunzi kiitwacho Beta Theta Pi, katika Chuo Kikuu cha Penn State, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea uhandisi, na alikuwa amekubaliwa kuanza hatua za kujiunga. Yeye na wenzake walipitishwa kwenye vituo vya pombe, kila kituo na kinywaji chake, kwa kukimbizwa. Baadaye akaanguka kwenye ngazi za kuteremkia chumba cha chini. Kamera za nyumba hiyo zilirekodi yaliyofuata. Walimbeba, wakamlaza kwenye kochi, wakammwagia maji, wakampiga vibao ili azinduke. Walimvika mgongoni begi lililojaa vitabu ili asigeuke chali akapaliwa na matapishi. Mmoja wa wanachama vijana alisema huyu apelekwe hospitali; akasukumwa ukutani na kuambiwa kwamba mambo yanaendelea vizuri. Gari la wagonjwa liliitwa kesho yake, saa nne na ushee asubuhi, karibu saa 12 baada ya kuanguka. Tarehe 4 Februari alifariki.

Kisa hiki kililetwa darasani kwetu katika somo la maadili, pamoja na swali: katika desturi ya kuwatesa wapya kabla ya kuwapokea, mpaka uwekwe wapi? Tulibishana mpaka kengele ya chakula, na mezani tukaendelea. Wengi wetu tulitaka kupima ukali. Utani kidogo sawa, usingizi usiguswe, pombe hapana, kipigo hapana kabisa. Siku ile hatukuona ubaya wa kipimo hicho. Tumeendelea kukitafakari, na sasa tunaona ni kipimo kibovu.

Kilichotubadilisha mawazo ni lile begi. Mtu hawezi kubuni begi la namna ile kama hajui kwamba aliye mbele yake anaweza kufa. Wale vijana walijua. Ujuzi wa kutosha kumlinda asipaliwe ni ujuzi wa kutosha kuita daktari. Hawakuwa wajinga, na kwa maoni yetu wengi wao hawakuwa hata wakatili. Walikuwa wanafunzi wa kawaida, wa umri wetu na chini yake. Lakini walikuwa na siri ya kulinda, na daktari angeingia kwa mlango uleule ambao siri ingetokea. Nyumba ile ilitakiwa isiwe na pombe kabisa. Basi wakachagua begi.

Kabla ya kuendelea, tuseme haki kuhusu vyama hivi, maana wasomaji wengi wa parokiani huvijua kwa filamu tu. Vinaitwa kwa herufi za Kigiriki, na cha kwanza, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika chuo cha William and Mary huko Virginia. Chenyewe siku hizi ni heshima ya kitaaluma, lakini vingi vilivyokifuata vikawa nyumba za kuishi, za wavulana mbali na za wasichana mbali, ambako wanachama huitana kaka na dada na kubaki hivyo maisha yao yote. Wanachangia hospitali, wanatafutiana kazi, wanazikana. Wanafunzi weusi walipobaguliwa vyuoni walianzisha vya kwao. Alpha Phi Alpha kilizaliwa Cornell mwaka 1906, na Martin Luther King alikuwa mwanachama wake. Kijana aliye mbali na mama yake anatafuta meza yenye kiti chake. Sisi tulioacha nyumbani tukiwa na miaka kumi na mitatu kwenda seminari ndogo hatuwezi kumcheka.

Tena hatuwezi kuwanyooshea kidole, kwa sababu hii.

Katika seminari ndogo tuliyosoma, mgeni wa kidato cha kwanza aliitwa njuka. Njuka alipewa kijiti cha kiberiti apime urefu wa bweni. Alipewa kandambili apige simu nyumbani, na akiambiwa mama yake hapokei, alipaswa kujaribu tena. Alisimama juu ya kitanda kuipuliza balbu mpaka izime, na mjanja mmoja nyuma ya mlango akazima swichi. Tulifanyiwa hayo na tulicheka, na hata leo tukikutana tunayasimulia kwa kicheko. Ukitumia kipimo cha ukali, hapo hapana kosa.

Tulipofika kidato cha tatu alikuja njuka mwenye kigugumizi. Hatukumpiga. Hatukumnyima chakula, ingawa karanga alizofungiwa na bibi yake hazikumaliza siku mbili kwenye tranka. Tulimpa kazi moja tu: kila usiku baada ya sala, kabla taa hazijazimwa, atoe hotuba fupi ya kuwashukuru kaka zake wa kidato cha tatu. Dakika mbili. Wote tulikaa kimya kwa heshima kubwa, tukimsubiri amalize kila neno, na heshima ile ndiyo iliyokuwa mchezo wenyewe. Usiku wa kwanza mmoja wetu alimwambia, kwa upole kabisa, "Haya ni mambo ya bweni. Usiende kumsumbua Baba Gombera." Hakwenda. Likizo ya Juni ilipokwisha, hakurudi. Baba Gombera alituuliza mstarini kama kuna anayejua sababu. Tulikuwa zaidi ya arobaini, na hakuna aliyenyoosha mkono. Jioni ile tukaambizana kwamba pengine hakuwa na wito.

Hakuna aliyekufa bwenini kwetu, na hatutaki kuuazima msiba wa familia nyingine ili makala yetu iwe nzito. Tunasema tu kwamba kamera ingewekwa bwenini usiku ule, isingeonyesha pombe wala fimbo. Ingeonyesha mtoto amesimama, na wakubwa wamekaa kimya. Anayepima ukali angesema ni utani. Mpaka tulikuwa tumeshauvuka, na tuliuvuka kwa maneno matatu: usiende kumsumbua Baba.

Ndiyo maana tunashika msimamo huu: mpaka uwekwe pale linapotamkwa "usimwambie mtu". Usisubiri chupa wala damu. Jambo la kumpokea mgeni ambalo haliwezi kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, likasomwa na mama yake, na mlezi wake, na daktari, limeshavuka, hata kama kwa leo linachekesha. Kijiti cha kiberiti kinaweza kupona katika kipimo hiki: kifanye mchana, mbele ya mwalimu wa zamu, na njuka awe na ruhusa ya kusema amechoka. Tunashuku kwamba kikifanywa hivyo hakuna atakayekitaka. Hilo nalo linatufundisha kitu kuhusu utamu wake ulikotoka.

Siri huanza kwa kuyabatiza mambo majina ya uongo. Mwezi Septemba mwaka huohuo wa 2017, Max Gruver, miaka 18, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, alifariki kwa pombe baada ya usiku ambao wanachama wa Phi Delta Theta waliuita mafundisho ya Biblia. Wapya waliulizwa maswali juu ya historia ya chama na alfabeti ya Kigiriki, aliyekosea alikunywa. Nasi tuliita "shukrani". Mtu akilihofia jina halisi la anachokifanya, dhamiri yake bado inafanya kazi. Tatizo ni kwamba ameshaipa likizo.

Hapo utetezi mkubwa huja: alitaka mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kuondoka. Wanafalsafa hatuandiki kurasa mbili bila Aristotle, kwa hiyo tuvumilieni. Katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako anamtaja nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Je, ametupa kwa hiari? Kwa namna fulani ndiyo, mikono ni yake na uamuzi ni wake. Lakini hakuna mwenye akili timamu anayetupa mali yake baharini bila sababu. Mtarajiwa wa chama anatupa heshima yake vivyo hivyo, kipande baada ya kipande, ili mashua isizame: marafiki aliowapata, kitanda alichoahidiwa, jina ambalo tayari ameshawatajia wazazi. Tofauti ni kwamba dhoruba ya Aristotle inaletwa na bahari. Hii inaletwa na watu walio ndani ya mashua hiyohiyo, kisha wanamwambia alitupa mwenyewe. Sheria za majimbo kadhaa ya Marekani, Florida na Pennsylvania zikiwemo, zimeliona hilo: ridhaa ya aliyetendewa si utetezi.

Jambo hili ni la kale, na Waafrika tumo. Mtakatifu Augustino alipofika Karthago kusoma akiwa na miaka kama 17, alikuta kundi la wanafunzi lililojivunia jina la wapinduaji. Kazi yao ilikuwa kuwavamia wageni waliofika kwa haya na woga, na kuwafanyia dhihaka bila sababu yoyote ila kufurahi. Katika kitabu cha tatu cha Maungamo anakiri kwamba alitembea nao. Matendo yao yalimchukiza, lakini urafiki wao wakati mwingine aliufurahia, na aliona aina fulani ya aibu kwa kutokuwa kama wao. Tunaijua aibu hiyo. Zaidi ya arobaini tulikuwa nayo mstarini siku Baba Gombera alipouliza.

Mwaka 533 Kaisari Justiniano, akipanga upya masomo ya sheria huko Konstantinopoli na Beirut, aliwapiga marufuku wanafunzi kuwachezea wenzao, hasa wageni, michezo ya kitumwa na yenye madhara. Mwaka wa kwanza walikuwa na jina lao la utani, dupondii, kutokana na sarafu ndogo; kana kwamba sisi tungewaita "senti mbili". Kaisari akalifuta jina hilo na kuagiza waitwe kwa jina lake mwenyewe. Alijua kwamba kabla hujamnyang'anya mgeni kitu kingine chochote, unamnyang'anya jina. Na usimamizi wa amri hiyo huko Beirut alimkabidhi mkuu wa mkoa, walimu, na askofu wa mji. Tunawaomba walezi wetu wasome sentensi hiyo mara mbili.

Mzee mmoja wa parokia yetu, tulipomsimulia haya baada ya misa, alituuliza: na jando je? Ni swali la haki. Jando lilikuwa na makali, na mengine hatuyatetei. Lakini mtoto alipelekwa na wazazi wake, kijiji kizima kilijua yuko wapi, chakula kilitoka nyumbani, na aliyemsimamia alikuwa mtu mzima mwenye jina la kulinda. Hakuachiwa mikononi mwa mvulana aliyemtangulia mwaka mmoja, ambaye kidonda chake mwenyewe hakijakauka. Ukiangalia vyama vile vya Marekani, anayetesa ana miaka 20 na anayeteswa ana 19, na cheti pekee alichonacho mtesaji ni kwamba mwaka jana aliteswa yeye. Bwenini kwetu ilikuwa vivyo hivyo.

Swali zito zaidi tulijiuliza wenyewe, kwa sababu maisha tuliyoyachagua si mepesi. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 58 ya Kanuni yake, anataka anayeomba kuingia monasterini asifunguliwe upesi. Abishe hodi siku nne au tano, avumilie kukataliwa na hata kudharauliwa. Je, naye alitesa wapya? Tulilizungusha hili muda mrefu. Tunaona hivi: yule mtu yuko nje ya mlango, na barabara ya kurudi kwao iko nyuma yake. Akishaingia, anakabidhiwa kwa mzee mmoja anayejua kuzivuta roho za watu. Kanuni yote anasomewa kwa sauti baada ya miezi miwili, tena baada ya miezi sita, tena baada ya minne, na kila mara anaambiwa kwamba hii ndiyo sheria. Akiiweza aingie, asipoiweza aende zake akiwa huru. Yote magumu anatajiwa mapema. Hakuna anachoambiwa akifiche. Ugumu huo tunaukubali na tunauishi. Kengele ya saa kumi na moja alfajiri imeandikwa kwenye ratiba, na aliyeiandika anaamka nayo.

Hata hali ya mtu aliye katikati, ambaye si mgeni tena lakini bado si mwenyeji, Kanisa linaijua. Mkatekumeni ndiye huyo. Lakini linganisha. Mkatekumeni ana msimamizi anayemjibia, na Sheria ya Kanisa inasema tayari ameunganishwa na Kanisa. Akifa kabla ya kubatizwa anahesabiwa pamoja na waamini kwa habari ya mazishi. Anazikwa kama wetu. Mtarajiwa wa chama, au njuka, ana wajibu wote wa ndani na hana haki hata moja ya ndani. Katika nafasi hiyo ndimo mateso yanamoishi. Baadhi ya vyama vimeamua kuiondoa kabisa: Zeta Beta Tau kiliifuta mwaka 1989, na Sigma Alpha Epsilon mwaka 2014. Ukichaguliwa, wewe ni mwanachama leo. Tunaona hilo ni la busara kuliko kuvifuta vyama vyenyewe, kama vyuo vya Williams na Bowdoin vilivyoamua, ingawa hatuwalaumu. Kijana atatafuta meza tu. Heri meza yenye taa.

Taa zimeanza kuwashwa. Pennsylvania na Louisiana zilitunga sheria mpya mwaka 2018, zote mbili zikibeba majina ya vijana tuliowataja. Mwezi Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria ya nchi nzima inayovidai vyuo vihesabu matukio haya katika taarifa zao za usalama na kuvitangaza hadharani vyama vilivyopatikana na makosa. Mwaka huohuo, zaidi ya miaka saba baada ya usiku ule, waliokuwa viongozi wawili wa tawi la Penn State walihukumiwa kifungo cha miezi miwili hadi minne. Kwa maoni yetu, sheria hiyo ya kutangaza ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu inaigusa siri yenyewe. Mzazi anaweza sasa kusoma jina la chama kabla mwanawe hajapeleka sanduku.

Kwetu nani anasoma? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 27, unayataja mateso ya mwili na ya akili kati ya mambo ya aibu, na unasema yanawachafua wanaoyatenda kuliko wanaoyapata. Tumelisoma hilo darasani kama jambo la kambi za vita. Tungependa lisomwe pia katika mabweni ya seminari ndogo mwezi Januari, wiki ya wageni, na kidato cha tatu wakae mbele. Tungependa kila njuka apewe siku ya kwanza jina la mlezi mmoja na saa za kumwona bila kuomba ruhusa kwa kiranja. Na mtoto asiporudi baada ya likizo, mtu aende kwao akamuulize, badala ya kutuuliza sisi mstarini.

Yule wa hotuba tulikutana naye mwaka jana stendi, tukienda likizo. Anauza vipuri vya pikipiki. Kigugumizi bado kipo kidogo. Aliuliza kama tumeshavaa kanzu, tukasema bado. Akauliza kama Baba Gombera angali mzima, tukasema amehamishwa. Alitununulia maji. Hatukumwomba msamaha. Basi lilikuwa linapiga honi, na tulikuwa watatu, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Namba yake ya simu tumeipata kwa mwanakwaya mmoja wa parokia yao. Tumekubaliana kumpigia kabla makala hii haijatoka, na nani ataongea wa kwanza tumeshaandika.